Gemu yako ya ubao inaboa? Tafuta ugonjwa kwanza, kanuni utabadilisha baadae

Mi nimetengeneza gemu moja tu ya ubao maishani, ya korosho, nimeichora kwenye boksi la sabuni, na imeshaharibika kwa kila namna ambayo gemu inaweza kuharibika, kwahiyo kwenye kuharibika nina uzoefu. Tunaijaribia hapa Mtwara, Chikongola, kibarazani kwetu jioni jua likishapoa. Wachezaji ni shemeji zangu wawili (mke na mume, hilo litakuja kuleta shida huko chini), mjomba anayetoka Mikindani, na dogo wa jirani ambaye anajua kila kitu.

Yenyewe iko hivi: una mashamba, kila raundi ni msimu mmoja, unapalilia, unapuliza salfa (dawa ya kuvu), unavuna, unapeleka mnadani, pesa ukipata unanunua shamba lingine. Mwanzoni aliyefikisha mashamba kumi ndo alikuwa mshindi. Simpo kabisa. Na kila waliponilalamikia nilikosea dawa, kwa sababu mchezaji anakwambia anapoumia, hakwambii ugonjwa uko wapi. Ni kama mtu anaingia zahanati anasema kichwa kinauma, ukimpa panadol tu ukamwachia aende, malaria anarudi nayo nyumbani. Kwahiyo hapa naenda kwa malalamiko kama yanavyotoka midomoni mwa watu, alafu tunachimba.

"Hii gemu ndefu"

Hili ndo lalamiko la kwanza na ndo linalodanganya kuliko yote. Nilivyosikia "ndefu" nikapunguza, badala ya mashamba kumi nikaweka nane, tukacheza, ikawa fupi kweli kwa saa, na bado shemeji akasema ndefu. Nikashangaa sana. Siku iliyofuata mi sikucheza, nikakaa pembeni naangalia mikono ya watu tu, nani anashika nini wakati si zamu yake. Shemeji ana simu. Dogo anajenga mnara kwa noti za benki. Mjomba kainuka, kavuka barabara, kanunua vipande vya pweza, kasubiri vikaangwe, karudi, na zamu yake bado haijafika.

Hapo ndo ujue ugonjwa ni kusubiri, urefu ni homa tu. Angalia wazee wanavyocheza bao, wanaweza kumaliza mchana mzima pale chini ya mwembe na hutasikia mtu anasema limechukua muda, kwa sababu mwenzako akichota kete na wewe unahesabu, unazifuata kwa macho zitalala shimo gani, yani zamu yake na wewe una kazi. Kwangu zamu ya mwenzako huna kazi yoyote mpaka akuguse.

Dawa yake niliipata kwa bahati mbaya. Mnada wangu ulikuwa wa kutaja bei kwa mdomo, huyu anataja, yule anapandisha, unazunguka meza nzima. Shemeji mmoja kakulia Tandahimba, kwenye korosho zenyewe, siku hiyo akaniangalia akacheka, "Shemeji, huu mnada gani, wa kuku? Wa korosho wanunuzi walikuwa wanaleta bei kwenye barua, zinaingia boksini, zinafunguliwa mbele ya wakulima, bei ikiwa mbovu tunaikataa." Nikaona aibu mtu wa Mtwara kuelekezwa mnada wa korosho, nikabadilisha ili tu ufanane na wa kweli, kila mtu anaandika bei kwenye karatasi, anakunja, tunafungua kwa pamoja. Ile kusubiri ikafa palepale maana sasa wote wanafanya kazi dakika hiyohiyo, na kwenye kufunguliwa karatasi watu wanapiga kelele mpaka majirani wanatoka nje. Mi nilikuwa natafuta ukweli wa mnada, nikatibu ugonjwa mwingine kabisa.

Ila usiishie kwenye kusubiri, "ndefu" ina mama mwingine, nao ni mwisho usiojongea. Mfano ambao wengi tumeucheza ni Monopoly, ile gemu ya kununua viwanja na kutoza kodi. Kanuni zilizoandikwa zinasema mtu akisimama kwenye kiwanja kisicho na mwenyewe akikataa kukinunua, kinapigwa mnada hapohapo. Nani anafanya hivyo? Watu wengi wanapita tu, alafu faini zote wanaweka katikati ya ubao, atakayesimama kwenye ile kona ya maegesho ya bure azoe. Sasa fikiria, gemu ambayo inaisha kwa watu kuishiwa hela, we unawaongezea hela, na viwanja unavichelewesha kupata wenyewe, itaisha lini? Alafu tunasema aliyeitunga ndo mbaya.

Mwisho mzuri ni ule unaoning'inia kwenye kitu kinachopungua tu, hakirudi. Ticket to Ride ya Alan Moon ya 2004, gemu ya kujenga njia za treni, kila mtu anapewa behewa 45, wa kwanza kubakiwa na mbili au chini ya hapo basi kila mtu anacheza zamu moja ya mwisho, tumemaliza. Na usiende mbali hivyo, bao la kiswahili mbona linafanya hivyohivyo, kila mtu ana kete 32, kumi zinakaa ubaoni za kuanzia na 22 zinabaki mkononi, wakati wa kunamua unaingiza mojamoja, utake usitake mkono utaisha na mtaingia hatua nyingine. Wazee walishalijua hili. Mi nikafuta habari ya mashamba kumi nikaweka rundo la karata za misimu, karata sita, ya sita ikiisha tunahesabu pesa.

"Mmoja katoboa, sisi tunamsindikiza tu"

Hapa ndo nililala macho wiki nzima.

Chanzo ni mduara. Shamba linaleta korosho, korosho zinaleta pesa, pesa inanunua shamba, na aliyetangulia kwa shamba moja msimu wa kwanza, msimu wa tatu anawazidi kwa matatu. Jaribu hivi: simamisha gemu ikifika katikati uwaulize wachezaji nani atashinda. Wote wakitaja jina moja, na kweli akashinda, na mkirudia inakuwa hivyohivyo, basi nusu ya pili ya gemu yako ni maandamano.

Mi kwa ujanja wangu nikaongeza mkopo ili aliyebaki nyuma apumue, nikauita kangomba. Watu wa kusini mnaijua, una shida leo, mtoto anaumwa au ada, unauza korosho zako kwa bei ya kutupa kabla hata hazijadondoka, imepigwa marufuku lakini shida haijapigwa marufuku. Nikaweka kwenye gemu kwamba ukikwama unachukua hela sasa, msimu ukifika mavuno yako nusu si yako. Unajua kilichotokea? Aliyekopa hakuinuka tena. Nilikuwa nataka kumpa kamba ya kupandia nikampa jiwe. Nikawaambia basi naitoa, mjomba akakataa kabisa, "We mtoto, kangomba ndo inavyokuwa, ukiitoa unatuongopea."

Na hapo pana swali ambalo inabidi ujiulize kabla hujagusa kitu: je huu ni ugonjwa, au ndo gemu yenyewe ilitaka kusema hivyo? Maana ile Monopoly asili yake ni gemu ya mama mmoja wa Marekani, Elizabeth Magie, alipata hati yake ya ubunifu 1904, na lengo lake lilikuwa kuwaonyesha watu jinsi mwenye ardhi anavyotajirika kwa kodi na wapangaji wanavyofilisika. Sasa ukisema Monopoly ina kasoro, mmoja anameza wote na wengine wanateseka taratibu mpaka wanafilisika, yule mama angekujibu ndiyo, umeelewa. Tatizo lilikuja baadae, mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikaanza kuiuza kama burudani ya familia, somo likabaki ndani limejificha, na ndo maana watu wanasusiana mezani mpaka leo. Kwahiyo si kwamba imeharibika, imehamishiwa kazi isiyo yake.

Kangomba nikaiacha ibaki ndani. Badala ya kuitoa nikatafuta msuguano upande wa juu, kwa aliyetangulia. Angalia wenzetu walivyofanya: kwenye Catan, gemu ya kujenga makazi kisiwani, ukipata saba kwenye dadu mbili unamhamisha jambazi unamkalisha kwenye eneo la mtu, na kawaida meza nzima inajua akakae kwa nani. Power Grid ya Mjerumani Friedemann Friese, gemu ya vituo vya umeme, inafanya kimyakimya zaidi, aliyebaki nyuma ndo ananunua mafuta wa kwanza yakiwa bado bei ya chini, mkubwa anakuta yamebaki ya ghali. Mi nikaangalia korosho zenyewe zinasemaje, nikaona palizi. Shamba moja unapalilia na familia yako, la pili unahitaji vibarua, la tatu unawagombania na wenzako na bei inapanda. Nikaweka shamba la kwanza palizi noti moja, la pili mbili, la tatu tatu, linaendelea hivyo. Sikumkataza mtu kuwa mkubwa, ukubwa wenyewe ndo unamla.

Angalizo, dawa hii ukizidisha unaua mgonjwa. Kuna jioni niliweka palizi nzito kupita kiasi, dogo akagundua kwamba bora ukae na mashamba mawili umesinzia mpaka msimu wa tano alafu ndo ununue, akashinda mara tatu mfululizo bila kufanya lolote la maana. Ukiona mwenye akili anagombania kubaki nyuma, rudisha mkono.

"Bahati tupu, hamna akili hapa"

Wengi wakisikia hivi wanapunguza dadu. Subiri. Kwanza angalia bahati inaingia lini, kabla hujaamua au baada ya kuamua.

Nilikuwa na karata ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa kuvu wa mikorosho. Unapanga msimu wako, unaamua hela iende kwenye salfa au shamba jipya, alafu ndo inafunuliwa karata: ubwiriunga umeingia kwenye maua, kwaheri mavuno. Watu walikuwa wananitukana mimi utadhani ndo kuvu mwenyewe. Nikageuza mpangilio tu, karata inafunuliwa mwanzo wa msimu, kila mtu anaona, alafu ndo anaamua anapuliza kiasi gani na anaacha shamba lipi lijifie. Sikutoa karata hata moja, bahati ni ileile kipimo kilekile, na hakuna aliyesema tena bahati tupu. Ikija kabla inakuwa swali unaulizwa, ikija baada inakuwa kofi.

Makofi machache yaache lakini, bila kofi hamna kelele. Na kama unatumia dadu ujue moja na mbili ni vitu tofauti. Dadu moja kila namba ina nafasi sawa. Dadu mbili ukizijumlisha saba inatoka njia 6 kati ya 36, mbili inatoka njia moja tu, kwahiyo mchezaji anaweza kukadiria na kujipanga, na akishindwa anajua alikuwa anabeti. Ludo inatumia moja, na kuingia ubaoni mpaka sita, ndo maana mtu anaweza kukaa raundi nane anaangalia kete zake ziko nyumbani zimetulia kama kuku wa mayai.

"Kabebwa huyo!"

Hii haipo kwenye bao wala drafti kwa sababu mko wawili, ukimuumiza mmoja umemsaidia mmoja na ndo kazi yenu. Wakifika watatu ndo inazaliwa: mtu ambaye yeye mwenyewe hawezi tena kushinda lakini bado ana nguvu ya kuamua nani ashinde. Kwangu ilitokea msimu wa sita, shemeji wa kiume hana chake, akamuuzia mkewe shamba kwa noti moja. Meza ikalipuka. Akasema "Nyie ndo mtanipikia leo?"

Mambo mawili yanasaidia. Ficha hesabu, pesa za kila mtu zikae chini ya kikombe, asiyejua kwa hakika nani anaongoza hawezi kumbeba mtu kwa hakika. Na punguza kanuni zinazokuruhusu kumchagua mtu kwa jina ukamfanyia kitu, iwe kibaya au chema. Mi nikasema shamba haliuzwi mkononi, linarudi benki linapigwa mnada wa karatasi kama mengine. Kwa wanandoa wanaoketi jirani na kukanyagana miguu chini ya meza kanuni haijatungwa.

"Cheza basi!"

Mtu anaganda. Usimlaumu yeye kwanza, hesabu ana njia ngapi mbele yake na anaona vitu vingapi. Mi zamu moja ilikuwa na vitendo saba vya kuchagua, nikavigawa, palizi na salfa zinafanywa na wote kwa pamoja mwanzoni, zamu ikabaki na vitatu. Mgando ukaisha kwa watu wote isipokuwa mjomba, na mjomba ni mcheza bao, huyo ataganda hata akiulizwa chai au uji.

"Unanichezea mkono wangu"

Ni ya zile gemu ambazo wote mko upande mmoja mnapambana na ubao, kama Pandemic ya Matt Leacock ya 2008. Kila kitu kiko wazi mezani, basi anayejua zaidi anageuka kocha, wewe weka hapa, wewe nenda pale, wengine wanabaki wasukuma kete. Kumwambia anyamaze haisaidii, dogo wetu nilishamwambia mara mia. Chanzo ni kwamba hana cha kumzuia, habari zote anazo. Hanabi ya Mfaransa Antoine Bauza imekata mzizi, karata zako unazishika zimegeukia wenzako, wao wanaziona wewe huzioni, na kidokezo kinatolewa kwa kiasi. Hapo kocha hana timu.

"Sijaelewa"

Ukijikuta unaeleza dakika ishirini na watu wanaitikia "eeh, eeh" ujue hawapo. Sababu ni kwamba unawapa kanuni za msimu wa sita kabla hawajagusa msimu wa kwanza. Bao liko gumu kuliko gemu nyingi zinazouzwa kwenye maboksi ya kung'aa, kuna nyumba, kuna kichwa, kuna kimbi, kuna kunamua na mtaji, kuna kutakata (majina ya mashimo, hatua na namna za kucheza), lakini halianzi na mtoto hivyo. Kuna bao la kujifunza, mashimo yote 32 yanawekewa kete mbilimbili, kunamua hamna, mnaanza kula tu. Mtoto akishajua kete inazunguka vipi na inalala wapi ndo anaongezewa mengine. Yani kwenye gemu yenyewe kuna mlango mdogo wa kuingilia.

Na mi nikaweka mlango: msimu wa kwanza hamna mnada wala kangomba wala ubwiriunga, ni kupalilia na kuvuna tu, bei moja kwa wote. Sielezi kitu, nasema "vuna". Msimu wa pili ndo boksi la barua linaletwa mezani.

"Anayeanza ndo anashinda"

Usiamini mpaka umeandika, mechi kumi, nani alianza na nani alishinda. Ikiwa kweli kuna njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kugeuza mzunguko kwenye kuchagua, wa kwanza mpaka wa nne alafu wa nne anarudia kuelekea wa kwanza, Catan wanaweka makazi ya mwanzo hivyo tangu 1995. Ya pili ni kwa gemu za wawili, ile ya kugawana muhogo, mmoja anakata mwingine anachagua: wewe cheza pigo la kwanza, mi nitaamua nichukue upande gani. Kwenye Hex, gemu ya wawili ya kuunganisha pande za ubao, inatumika hivyo.

Kosa langu mimi hapa nilibadilisha vitu vitatu jioni moja, mzunguko, bei ya shamba la kwanza na idadi ya noti za kuanzia. Gemu ikakaa sawa, na mpaka leo sijui kipi kiliitengeneza, na naogopa kugusa chochote. Badilisha kimoja, cheza, andika, lala.

"Kete hazitoshi"

Hii ilinichanganya sana, benki inaishiwa korosho msimu wa nne wakati hesabu yangu inasema zitoshe mpaka wa saba. Nikarudia hesabu zote, nikashuku palizi, nikashuku mavuno, nikamshuku dogo kwamba anaiba. Hakuwa anaiba. Nilikuwa nimetumia korosho za kukaanga kama kete, kwa ajili ya uhalisia, na watu watano wamekaa masaa mawili mbele ya sinia la korosho.

Nikajaribu kuweka ghafi zenye maganda, wazo baya, yale mafuta ya ganda yanaunguza, dogo akajaribu kung'ata akaishia na mdomo umevimba na mama yake akaja kuniuliza maswali. Sa hivi tunatumia komwe, zile mbegu ngumu za kuchezea bao, mjomba kaleta kikombe kizima toka Mikindani, hazilikeni na ni ngumu hazivunjiki, ila zinabingirika na kibaraza chetu kina mteremko.